Jaribio la Kidato cha Tatu

Wapo watu wanaosema kwamba Jamhuri ya Shwari haina sayansi. Watu hao ni waongo, na wengine nawajua hadi mitaa wanayokaa, ila leo sina nafasi nao. Sayansi tunayo. Nilikuwepo ilipoletwa, tena nikiwa nimeshika kipaza sauti, kwa sababu kazi yangu ni ushereheshaji, na katika wilaya ya Kingoni hakuna kitu kinachozinduliwa, kinachofungwa wala kinachozikwa bila mimi kusema, "Mabibi na mabwana, tusimame."

Kabla sijafika huko, lazima msomaji wa nje aelezwe habari ya neno "jaribio." Wa ndani anaijua, naye ataniwia radhi. Zamani lilikuwa neno la kawaida kama maneno mengine. Kisha asubuhi moja wanajeshi fulani, ambao hawakuwa wamepata chai, walikwenda redioni wakatangaza kwamba wameichukua nchi. Ilipofika saa ya chakula cha mchana nchi ilikuwa imesharudishwa. Tukio lile likaitwa jaribio la kuipindua serikali, na Mheshimiwa Rais alichukizwa nalo mno hata neno lenyewe likaingia matatani. Likaondolewa redioni, likafutwa magazetini. Vilabu vya mpira viliacha kufanya majaribio ya wachezaji, vikawa vinasajili kwa kumtazama mtu akiwa amekaa. Maduka ya viatu yalibandika tangazo: HAKUNA KUJARIBU. Ndiyo maana mgeni akifika mji wetu mkuu huona watu wengi wanachechemea, akadhani ni maradhi. Si maradhi, ni uzalendo.

Basi tuendelee.

*

Juu kidogo ya mji wetu, kando ya mto Mluzi, kipo kiwanda cha Betri za Radi Tele. Kwa miaka mingi kampuni hii ilikuwa ikitoa kwa jamii kimyakimya, kupitia bomba nene linaloingia mtoni, wala haikuwahi kuomba ishukuriwe. Maji ya Mluzi yakawa na ladha, jambo ambalo maji ya wilaya nyingine hayana. Samaki, ambao ni viumbe wasio na subira, walihama, wengi wao wakielea chali.

Kisha makao makuu ya kampuni, yaliyoko nchi za mbali, yakasema kwamba siku hizi kutoa kimyakimya hakutoshi, lazima kutoa kuonekane. Wenzao wa bia walikuwa wamefadhili kliniki ya maini. Wenzao wa sigara walikuwa wanafadhili mbio za kila mwaka. Watu wa betri walipofika mezani wakakuta kilichobaki ni sayansi, wakaichukua hiyohiyo.

Ikajengwa maabara katika Sekondari ya Kingoni, iliyo upande wa chini wa mto. Ikapakwa rangi nyekundu, ambayo ni rangi ya kampuni na, kwa bahati njema, ni rangi ya chama kinachotawala pia. Mbele yake likasimikwa bango lenye picha ya betri inayotabasamu na maneno HATUZIMIKI. Bango lilikuwa kubwa kuliko maabara. Kuanzia adhuhuri jengo zima lilikuwa ndani ya kivuli chake, jambo lililosaidia sana kupunguza joto. Na kwa kuwa ukarimu ukianza huwa mgumu kuuzuia, kampuni iliongeza pampu na tangi jekundu ili wanafunzi wapate maji ya mto bila kushuka mtoni. Mwalimu Mkuu, Bwana Kasembe, akatangaza mstarini kwamba kuanzia siku hiyo kuchota maji mahali pengine ni kumtukana mfadhili.

Siku ya uzinduzi alikuja Waziri wa Elimu na Utulivu. Nilimtambulisha kwa dakika nyingi, maana vyeo vyake ni vingi na kila kimoja kina makofi yake. Alikata utepe, akaingia. Akaona mifupa ya plastiki imening'inizwa pembeni, akavua kofia na kuuliza kwa sauti ya chini kama familia imeshaarifiwa. Akaona masinki kila meza, akaipongeza kampuni kwa kukumbuka kwamba watoto hunawa. Kisha akatoka kuhutubia.

"Wananchi," alisema, "sayansi ni sayansi! Na ninasema tena, bila kupepesa macho: sayansi ni sayansi! Nchi yoyote iliyoendelea, ukiichunguza, utaikuta imeendelea!"

Tulipiga makofi hadi viganja vikauma. Meneja wa kampuni, Bwana Polikarpo Mtonyi, naye akasema kwamba Radi Tele haitafuti chochote isipokuwa mustakabali wa mtoto, akamwinua mtoto mmoja juu ili mpiga picha auone huo mustakabali vizuri.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa, mpaka Afande Chitemo, mkuu wa usalama wa wilaya, alipomgeukia mwalimu wa kemia. Afande ni mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Mwalimu wa kemia ni Anyosisye, kijana mwembamba, mpole, mwenye tatizo moja: ukimuuliza swali anajibu.

"Mwalimu," alisema Afande, "hebu nieleweshe mimi nisiyesoma. Humu ndani mtakuwa mnafanya nini?"

"Majaribio, Afande."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Ngoma zilinyamaza zenyewe. Mke wa Mkuu wa Wilaya alidondosha sambusa.

"Unasema?"

"Majaribio. Kila Jumanne na Alhamisi."

"Kiongozi wake nani?"

"Ni mimi, Afande."

"Una wafuasi?"

"Darasa zima la Kidato cha Tatu. Wana ari sana."

"Na mnakusudia kuleta nini hasa?"

"Mabadiliko," alisema Mwalimu Anyosisye, uso ukimng'aa, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za kemia kwa makini namna ile. "Mara nyingi ni mabadiliko ya rangi. Wakati mwingine mlipuko, ila mdogo."

Hapo nikasema, "Mabibi na mabwana, tusimame," maana sikujua la kufanya. Watu walisimama, na mwalimu akaondoka katikati yao akiwa ameshikwa mkono huu na huu.

*

Sitaki msomaji afikiri kwamba mwalimu aliteswa. Alihojiwa tu. Walimuuliza huyo Haidrojeni ni raia wa wapi, na kwa nini kila mara anaonekana na Oksijeni. Alieleza kwa ufasaha mkubwa, na kadiri alivyoeleza ndivyo jalada lilivyozidi kunenepa.

Aliyemwokoa ni Bwana Mtonyi. Makao makuu yalikuwa yanadai picha ya wanafunzi wakitumia maabara, na huwezi kupata picha hiyo ikiwa mwalimu yuko mahabusu. Kamati ya Ulinzi na Usalama ikakaa na kampuni, wakanywa soda, wakafikia mwafaka ambao mimi nauona ni wa hekima kubwa.

Kwanza, neno lile lisitumike. Kinachofanyika maabara kiitwe uthibitisho. Pili, matokeo ya kila uthibitisho yapitishwe na ofisi ya wilaya kabla uthibitisho wenyewe haujafanyika, ili kuepusha mshangao. Wapo wanaocheka jambo hili, lakini ndivyo tunavyofanya uchaguzi wetu na haujawahi kutuletea taabu. Tatu, karatasi za litmasi za rangi ya bluu zipigwe marufuku.

Hapa nieleze kidogo. Litmasi ni vikaratasi vyembamba vinavyosema kama kitu kina tindikali au hakina. Kikaratasi cha bluu kikigusa tindikali huwa chekundu. Kikaratasi chekundu kikigusa magadi au sabuni huwa cha bluu, lakini kikigusa tindikali hubaki chekundu vilevile, kama hakijaona kitu. Sasa bluu kwetu ni rangi ya chama cha upinzani, chama ambacho kinaruhusiwa na katiba ila si na mtu mwingine yeyote. Kuwa na boksi zima la bluu ndani ya shule ya serikali lilikuwa jambo lisilokubalika. Bwana Mtonyi alikubali haraka kuliko wote. Alisema kampuni italeta nyekundu tupu, tena bure, tena kwa wingi.

Maabara ikafunguliwa. Nidhamu ikawa ya hali ya juu. Siku moja tu ndiyo palitokea utovu, pale sukari ilipoyeyuka kwenye maji kabla kibali cha matokeo hakijafika, ikabidi Bwana Kasembe aandike maelezo kwa niaba ya sukari.

*

Sasa nitasema jambo la nyumbani kwangu, nalo nalisema kwa sababu linahusika.

Katika Kidato cha Tatu yumo binti anaitwa Sikudhani. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mwenyewe. Anaishi bwenini na kuja kwangu wakati wa likizo. Likizo moja alipokuja nilimwona anashika kikombe kwa ncha za vidole. Nikamwambia afunue viganja. Ngozi ilikuwa inabanduka kama maganda ya kitunguu, na chini yake pekundu, pabichi.

"Ni kufua, Mjomba," alisema. "Maji ya tangi. Wote tuko hivi. Wadogo wa Kidato cha Kwanza wanashika matumbo usiku kucha, wanalia."

Nilimweleza kwa upole kwamba Mganga Mkuu wa Wilaya alishatoa taarifa: ni mzio unaosababishwa na kusoma kupita kiasi, na ni dalili njema kwa taifa. Alinisikiliza hadi mwisho, maana amelelewa vizuri.

"Mjomba, wewe unakunywa maji gani?"

"Mimi? Ya chupa. Ya kwenye shughuli. Wanatupa tu, siyo kwamba mimi..."

Alichukua kikombe chake kwa ncha za vidole, akaenda jikoni. Jioni ile nilikaa mlangoni, na roho iliniuma kweli.

Aliporudi shuleni alimwendea Mwalimu Anyosisye, akamuuliza wazi: maji haya yana nini? Mwalimu alitazama mlango, akatazama dirisha. Kituoni alikuwa amejifunza kuchelewa kidogo kabla ya kujibu.

"Maabara hatuwezi," alisema. "Matokeo ya maji ya tangi yalishapitishwa na wilaya: hakuna mabadiliko. Na kwa hizi karatasi nyekundu ni kweli, hazitabadilika hata ukizitia kwenye betri yenyewe. Lakini jikoni hakuna kamati. Twende jikoni."

Jikoni kwa Mama Tausi, mpishi wa shule, kuna majivu mengi, nayo hufanya kazi ya magadi. Mwalimu aliloweka majivu kwenye bakuli la maji ya mvua, akachukua kikaratasi chekundu cha kampuni, akakichovya. Kikawa cha bluu. Mama Tausi alikimbilia mlango akaufunga kwa kufuli.

"Mwalimu, unataka tufungwe wote na ugali motoni?"

"Subiri, mama." Akakichukua kile kilichogeuka bluu, akakitia kwenye ndoo ya maji ya tangi. Kikawa chekundu hata kabla hajakiachia.

"Hiyo ndiyo nini?" aliuliza mama.

"Tindikali. Ni..."

"Sema tu ni maji ya betri, baba. Yanayotoboa nguo." Akaitazama ile ndoo, akatazama sufuria la maharage ambalo alikuwa ameliinjika tangu asubuhi kwa maji hayohayo. "Na mimi nawapikia watoto wa watu."

Alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa kanga.

*

Mwaka ulipotimia kampuni iliandaa Siku ya Sayansi. Waziri akarudi, maturubai yakafungwa, wazazi wakapewa fulana nyekundu na wakaambiwa wazivae palepale. Makao makuu yalikuwa yametuma mtu wa kamera. Kilele cha shughuli kilikuwa uthibitisho wa hadhara: mwanafunzi atachovya litmasi kwenye maji ya mto Mluzi mbele ya taifa zima, na taifa zima litaona kwamba hakuna mabadiliko.

Bwana Mtonyi alimchagua Sikudhani mwenyewe. Alisema ana tabasamu zuri, ila avae glovu.

Nilitangaza kama mtu anavyotangaza mpira. "Anaichukua karatasi! Nyekundu, mabibi na mabwana, nyekundu yetu! Anasogea kwenye bilauri! Anachovya! Inaingia... inatoka... na ni nyekundu! Hakuna mabadiliko!"

Bendi ilipiga. Waziri alisimama akacheza kidogo, kwa hadhi. Uthibitisho ulikuwa umekwisha, na kwa mujibu wa ratiba mtoto alitakiwa ainame aondoke. Hakuondoka. Alivua glovu, akaziweka mezani, na mikono yake ikaonekana.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba kuthibitisha mara ya pili."

"Mtoto mzuri!" alisema Waziri. "Thibitisha, binti yangu, thibitisha!"

Mama Tausi akatokea nyuma ya jukwaa na bakuli la maji ya majivu, uso mkavu kabisa. Sikudhani akachovya. Na mbele ya Waziri, mbele ya kamera, mbele ya fulana zile zote, kikaratasi kikageuka bluu.

Afande Chitemo aliruka meza.

"Nani ameingiza bluu humu? Rangi hiyo imetoka wapi?"

"Imetoka kwenye ile nyekundu, Afande," alisema Sikudhani. "Ni karatasi ileile."

"Irudishe! Irudishe nyekundu, sasa hivi, hiyo ni amri!"

"Ndiyo, Afande."

Akaitia kwenye maji ya mto. Ikawa nyekundu palepale.

Akageuka kuwatazama wazazi. Nilijua anataka kusema nini, midomo yake ilikuwa imeshaanza: "Wazazi, hii maana yake maji ya mto yana..." Lakini hakuna aliyesikia, kwa sababu Waziri alikuwa amenyanyuka kwenye kiti huku mikono iko juu, akalia kwa furaha.

"Mmeona? Mmeona, wananchi? Maji ya Mluzi yameing'oa bluu! Yameiosha! Kwa muda wa kufumba na kufumbua!" Akanipokonya kipaza sauti. "Tumehangaika na upinzani miaka yote hii, tumejenga magereza, tumenunua magari, kumbe dawa inatiririka hapa Kingoni! Haya si maji ya kawaida. Haya ni maji ya kizalendo! Naagiza, kuanzia leo, yapelekwe kwa kila mtu mwenye dalili za bluu, anyweshwe!"

Makofi yalipasua anga. Bwana Mtonyi alikuwa ameinuka nusu, ametoa macho. Halafu akaona kwamba wanamshangilia yeye, akainuka nusu iliyobaki.

Nilimtazama Sikudhani. Machozi yalikuwa yanamtoka. Alikuwa ameonyesha kila kitu, hatua kwa hatua, na watu wazima wakakisoma kinyume. Mwalimu Anyosisye, aliyekuwa amesimama kwenye mstari wa walimu, alikuwa amefumba macho.

Ndipo Mama Tausi akapanda jukwaani. Alikuwa amebeba sinia lenye bilauri za maji ya tangi, akapiga goti mbele ya meza kuu kama inavyopaswa kwa wageni.

"Karibuni wakubwa wetu, muanze nyinyi."

Waziri alitazama bilauri, akacheka. "Ah, mama, mimi tayari ni mwekundu! Tangu kuzaliwa! Dawa anapewa mgonjwa."

Sinia likaenda kwa Bwana Mtonyi. "Kampuni yetu," alisema, "haijiingizi katika siasa."

Likaenda kwa Afande Chitemo. Yeye hakucheka. Nyumba za polisi ziko ukingoni mwa mto, na familia yake inakunywa maji hayo tangu ahamie. Aliitazama ile bilauri, akasema, "Niko kazini."

Mama Tausi akabaki amepiga goti. "Mheshimiwa, mimi ni mpishi tu, naomba kueleweshwa. Anayekunywa maji haya ni yule mwenye bluu ndani, siyo?"

"Hasa!"

"Kumbe watoto wetu, wanaonyweshwa kila siku, wanashukiwa?"

Wazazi waliguna. Ilikuwa miguno ya watu walioambiwa jambo baya mbele ya kamera. Mzee mmoja wa fulana inayombana alisimama akauliza kwa ukali ni nani huyo aliyeiita Kingoni ngome ya upinzani. Mwingine akasema mwanawe ana kadi ya chama tangu yuko tumboni. Waziri aliona uchaguzi ujao unamponyoka mkononi.

"Hapana, hapana! Jamani! Watoto wa Kingoni ni wekundu kabisa! Wekundu wa kuigwa!"

"Basi dawa hii hawaihitaji."

"Hawaihitaji! Wala mtu yeyote wa Kingoni! Kuwanywesha ni kuwadhalilisha!"

"Ahsante, Mheshimiwa." Akanigeukia mimi, na nilivyomjua Mama Tausi, sijawahi kuona macho yake yakiwa vile. "Mshereheshaji, hebu rudia hapo. Waliokaa nyuma hawakusikia."

Waziri akanirudishia kipaza sauti. Kilikuwa kizito ghafla. Nilimwona Meneja akinitikisia kichwa nisiseme, na nilijua vizuri kabisa nani analipia shughuli zangu. Nikaviona na viganja vya Sikudhani mezani, pembeni ya zile glovu.

"Mabibi na mabwana," nilisema, "Mheshimiwa Waziri ameagiza. Kuanzia leo, mtoto wa Kingoni marufuku kunywa maji ya mto. Ni marufuku kupikia. Ni marufuku kufulia."

Kupikia na kufulia hakusema. Lakini alikuwa anatikisa kichwa kukubali, na kamera ilikuwa inachukua.

*

Agizo la Waziri ni agizo. Kesho yake Bwana Kasembe alitangaza mstarini kwamba kuchota maji kwenye tangi jekundu ni kukiri upinzani, na mabomba yakafungwa kwa minyororo. Mji mzima ukafuata. Hakuna mama aliyetaka aonekane mtoni na ndoo, maana majirani wangesema, "Ala, kumbe kwa akina fulani kuna bluu." Watu wakawa wanapanda kilimani Lusanje, kwenye chemchemi. Ni mbali, na magoti yanauma, lakini njiani kila mtu anajivuna kwa uzima wake. Matumbo ya Kidato cha Kwanza yametulia. Mganga Mkuu wa Wilaya ametoa taarifa mpya kwamba siku hizi watoto wanasoma kwa kiasi.

Kampuni nayo haikuachwa mikono mitupu. Maji yake sasa yanapakiwa kwenye magari ya serikali na kupelekwa kwenye Kituo cha Kurekebisha Rangi, kilichofunguliwa nyuma ya stendi. Mimi ndiye niliyesherehesha ufunguzi. Wapinzani wananyweshwa humo bilauri asubuhi na bilauri jioni.

Yumo pia Mwalimu Anyosisye. Waziri alipofika mji mkuu alikumbuka kwamba ile bluu, hata kama iliondoka, ilitokea kwanza, na ilitokea kwa mwanafunzi wa mtu. Walikuja wakamchukua darasani. Nasikia amekonda, na bado akiulizwa swali anajibu. Siandiki hapa ninavyojisikia, kwa sababu nchi yetu ni Shwari na hisia zina ofisi yake. Lakini sipiti tena njia ile ya stendi.

Maabara imefungwa. Sikudhani anajiandaa kwa mtihani wa kemia kwa kukariri.

Juzi nilipanda naye chemchemini. Kulikuwa na foleni ndefu ya akina mama na ndoo zao, na zamu yetu ilipokaribia nikasikia watu wanakohoa na kusogea pembeni. Alikuwa Afande Chitemo, amevaa kiraia, na madumu mawili. Sikudhani alishtuka, akavuta ndoo yake nyuma kumpisha.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Chota, mwanangu. Umenitangulia."

Alichota. Afande alikuwa anamtazama mikono, ambayo imeanza kuota ngozi mpya, laini, isiyo na mistari bado. Kisha akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini ambayo hakukusudia niisikie mimi.

"Ile karatasi yenu. Ukiitia kwenye haya maji ya huku, inakuwaje?"

"Haibadiliki, Afande. Nyekundu inabaki nyekundu. Na kama ni bluu, inabaki bluu."

Afande akafikiri. Ilionekana wazi kwamba jambo hilo linamsumbua. "Sasa ni maji ya upande gani?"

"Hayana upande, Afande. Ni maji tu."

Akapiga magoti kwenye matope, mtu mzima vile, akajaza dumu la kwanza, akasema ni la nyumbani kwake, watoto wanasubiri. Akajaza la pili, akalifunga kwa nguvu, akalipangusa kwa shati lake.

"Hili ni la mwalimu wenu," alisema, akajitwika mwenyewe.